Redio ya gari inapoimba pamoja na injini

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

UKITOKA katikati ya Jiji la Dodoma kwa barabara iendayo Singida, utapita Kizota, eneo la maghala ya nafaka, karakana na malori yanayosubiri mzigo. Kando ya barabara za namna hii ndipo yanapoishia magari yenye kila aina ya ugonjwa: linalotoa moshi, linalovuja mafuta, lisilowaka asubuhi.

Miongoni mwa magonjwa hayo upo mmoja ambao haulizuii gari kwenda, na pengine ndiyo maana hupuuzwa. Dereva huwasha redio, taarifa ya habari inaanza, kisha nyuma ya sauti ya mtangazaji unasikika mlio mwembamba mithili ya mbu. Akikanyaga mafuta, mlio unapanda. Akiachia, unashuka. Injini ikizimwa, kimya.

Ushauri ambao wengi hupewa ni mmoja: redio imekufa, nunua nyingine. Mwenye gari hununua, hufungiwa, hulipa, na kabla hajafika nyumbani mlio ule ule umerudi. Huambiwa basi tatizo ni spika. Zikibadilishwa na zenyewe, mlio upo pale pale, tena safari hii unasikika vizuri zaidi kwa sababu spika mpya ni safi.

Ukweli ni kwamba mara nyingi redio haina kosa lolote. Kazi yake ni kukuza kila kinachofika kwenye nyaya zake, na kama kinachofika ni uchafu wa umeme kutoka kwenye injini, hukuza uchafu huo bila upendeleo. La muhimu zaidi ni kwamba uchafu huo huwa na chanzo, na chanzo chenyewe wakati mwingine ni hitilafu itakayomwacha dereva porini kati ya Bahi na Manyoni usiku, au itakayowasha moto chini ya zulia la gari.

Ili kuelewa mlio unatoka wapi, hatuna budi kuanza na altaneta, kile kifaa kinachozungushwa na mkanda wa injini ili kuchaji betri. Ndani yake altaneta huzalisha umeme wa AC wa njia tatu. Betri na vifaa vya gari vinahitaji DC, kwa hiyo umeme huo hupitishwa kwenye vipande vidogo viitwavyo diodi, kwa kawaida sita, ambavyo huugeuza. Lakini hauwi laini kama maji ya mtungini. Unabaki na mawimbi madogo juu yake.

Mawimbi hayo yana hesabu yake. Tuchukue altaneta yenye jozi sita za ncha za sumaku, inayozunguka mara mbili na nusu kwa kila mzunguko mmoja wa injini. Gari likiwa limesimama na injini inazunguka mara 750 kwa dakika, mawimbi yanayobaki ni takriban 1,125 kwa sekunde. Injini ikifika mizunguko 3,000, mawimbi hufika 4,500 kwa sekunde. Namba zote mbili zimo ndani ya kiwango ambacho sikio la binadamu husikia vizuri mno. Ndiyo maana mlio hupanda na kushuka pamoja na mguu wa dereva: anachokisikia ni altaneta yenyewe.

Chanzo cha pili ni cheche za plagi. Injini ya petroli yenye silinda nne, ikizunguka mara 750 kwa dakika, hutoa cheche 25 kila sekunde, na kila cheche ni kama kituo kidogo cha redio kinachorusha kelele pande zote. Sauti yake si mlio mwembamba. Ni mdundo wa haraka, tak-tak-tak, unaoongezeka kasi gari linapokanyagwa. Anayeendesha gari la dizeli asipoteze muda hapa, kwani injini ya dizeli haina cheche. Akisikia mdundo wa namna hiyo, atafute kwingine.

Tatizo hili lina umri sawa na redio ya gari yenyewe. Mwaka 1930 kampuni ya Galvin ya Chicago, Marekani, ilipotoa redio yake ya gari iliyopewa jina la Motorola, moja ya kazi kubwa ilikuwa kunyamazisha kelele za cheche, kwani redio za wakati huo zilipokea mawimbi ya AM ambayo hudhurika upesi. Mwaka 1933 Mmarekani Edwin Armstrong alipata hataza za mfumo wa FM, uliobuniwa mahsusi ili kuzishinda kelele za namna hiyo. Katika muongo huo huo iliundwa kamati ya kimataifa iitwayo CISPR, na mpaka leo kiwango chake namba 25 ndicho kinachotumiwa na watengenezaji wengi kulinda vipokezi vilivyomo ndani ya gari. Altaneta ilikuja baadaye. Kampuni ya Chrysler ilianza kuiweka kwenye gari lake la Valiant la mwaka 1960, ikachukua nafasi ya dainamo.

Kwa maneno mengine, gari linapotoka kiwandani huwa limekwisha kunyamazishwa. Likianza kupiga kelele, kuna kitu kimechakaa, kimeondolewa, au kimeongezwa na mtu.

Kabla ya kulipeleka gari kwa fundi, mwenye gari anaweza kufanya uchunguzi wa awali bila kifaa chochote. Azungushe ufunguo hatua ya kwanza tu, redio iwake bila injini kuwaka. Kama kelele ipo hata hapo, injini haihusiki. Kama ni kimya, awashe injini na asikilize: mlio unaopanda au mdundo wa haraka? Mvumo usiobadilika hata akikanyaga mafuta huenda unatoka kwenye pampu ya mafuta iliyomo ndani ya tangi. Kelele inayokuja na kuondoka pamoja na wipa au feni ya kiyoyozi imejitambulisha yenyewe.

Hatua inayofuata ni ya maana kuliko zote, na inashangaza jinsi inavyosahaulika. Injini ikiwa inanguruma, apunguze sauti ya redio mpaka sifuri. Mlio ukipotea pamoja na sauti, umeingia kabla ya kitufe cha sauti, yaani kwa njia ya antena, au simu iliyochomekwa, au umeme wa redio yenyewe. Mlio ukibaki vile vile wakati sauti ipo sifuri, umeingia baada ya hapo: kwenye amplifaya, kwenye nyaya za RCA zinazoiunganisha na redio, au kwenye erthi. Kwa jaribio hili la nusu dakika, nusu ya gari imekwisha kuondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa.

Kisha abadilishe kutoka redio kwenda muziki wa flashi au Bluetooth. Kama kelele ipo kwenye vituo vya redio peke yake, mtuhumiwa ni antena na vitu vinavyoizunguka. Kama ipo kote, ni umeme au erthi.

Simu nayo isisahaulike. Wengi huchomeka simu kwenye redio kwa waya wa AUX huku wakiichaji kwa chaja ya kwenye kiberiti cha gari. Hapo erthi ya chaja na erthi ya redio hukutana ndani ya simu, na mlio hupata njia. Chomoa chaja. Kama kimya kimerudi, umetumia shilingi sifuri kumaliza tatizo, na utafute chaja bora zaidi au utumie Bluetooth.

Tukirudi kwa altaneta, hapa ndipo uzito wa jambo ulipo. Altaneta nzima huacha mawimbi madogo ambayo betri nzima huyameza. Diodi moja ikiungua, mawimbi huwa makubwa na mlio huongezeka ghafla. Gari lililokuwa kimya kwa miaka, halikuongezewa kifaa chochote, kisha likaanza kulia wiki hii, lisipelekwe kwa muuza redio. Lipimwe chaji.

Vipimo vyenyewe si vigumu kwa mwenye mita ya umeme. Betri nzima iliyopumzika, injini ikiwa imezimwa, husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, namba hupanda na kuwa kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Magari mapya kiasi, ambayo kompyuta yake huamua lini altaneta ichaji, yanaweza kusoma pungufu kwa muda bila kuwa na ubaya. Baada ya hapo mita igeuzwe upande wa AC, taa kubwa na feni ziwashwe, injini ifikishwe mizunguko 2,000, na ncha za mita ziguse betri pale pale. Altaneta nzima husoma chini ya volti 0.1 hivi. Ikikaribia nusu volti, diodi zina walakini. Ieleweke kwamba baadhi ya mita za bei rahisi zikiwekwa upande wa AC huonyesha namba ya ajabu, zaidi ya 25, kwa sababu haziwezi kutenganisha aina mbili za umeme. Mita ya namna hiyo haifai kwa kazi hii.

Diodi mbovu haiishii kwenye kelele. Inaweza kuruhusu umeme urudi nyuma kutoka kwenye betri usiku kucha, na asubuhi gari haliwaki. Mwenye gari hununua betri mpya, nayo baada ya muda hufa vile vile. Redio ilikuwa imekwisha kumwambia.

Hapa inafaa kutaja desturi moja mbaya iliyoenea katika gereji nyingi nchini. Ili kujua kama altaneta inachaji, fundi hulegeza teminali ya betri na kuichomoa wakati injini inawaka. Gari lisipozima, hutangaza kwamba altaneta ni nzima. Katika magari ya zamani yasiyo na kompyuta jaribio hilo lilipita bila madhara makubwa. Katika magari ya leo ni hatari. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta, na ikitolewa ghafla umeme unaweza kuruka hadi makumi ya volti kwa muda mfupi sana, muda ambao unatosha kabisa kuunguza kompyuta ya injini, redio, au diodi zile zile zilizokuwa zinachunguzwa. Mwenye gari ana haki ya kumzuia fundi asifanye hivyo. Mita ya bei ndogo hutoa jibu bora zaidi.

Kama altaneta ni nzima, macho yageukie erthi.

Katika gari, waya chanya hupelekwa kwa kila kifaa, lakini njia ya kurudi kwenye betri ni bati la gari lenyewe. Taa, feni, pampu na redio vyote hutumia njia hiyo moja, kama vile mitaa mingi inayomwaga maji katika mfereji mmoja. Mfereji ukiwa mpana na safi, hakuna anayesumbuka. Ukiziba mahali, maji ya jirani huingia ndani mwako. Mkondo wa ampea 20 ukipita kwenye kiungo chenye kutu chenye ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu, hapo hupotea volti 0.2. Kwa taa ni kitu kidogo kisichoonekana. Kwa amplifaya, ambayo katika sehemu tulivu za muziki hupokea ishara ndogo kuliko hiyo mara nyingi, ni kelele kubwa.

Erthi ya kwanza kuangaliwa ni ile ya betri kwenda kwenye bati na ile ya injini kwenda kwenye bati. Injini hukaa juu ya mipira, kwa hiyo bila waya au ukanda maalumu wa kuiunganisha na bodi, umeme wake hauna njia nzuri ya kurudi. Gari likibadilishiwa injini, jambo la kawaida sana hapa kwetu, ukanda huo ndio husahaulika kurudishwa, au hurudishwa juu ya rangi na grisi. Altaneta imefungwa kwenye injini hiyo hiyo. Umeme wake unapokosa njia pana hutafuta njia nyembamba, ikiwamo ya redio.

Kuna jaribio zuri ambalo halihitaji hata mita. Chukua nyaya nene za kubusti, zile za kuazima umeme kwa gari jingine. Waya mmoja peke yake, ule mweusi, ubanwe kwenye hasi ya betri, na ncha yake ya pili ibanwe kwenye chuma tupu cha injini, mbali na mkanda na feni. Kama mlio umepungua au umekoma, erthi ya injini ni mbovu. Usipobadilika, ncha hiyo ihamishiwe kwenye bati la gari, kisha pale amplifaya ilipofungwa erthi. Mahali patakapoleta kimya ndipo penye ugonjwa. Waya mwekundu usiguswe katika kazi hii.

Dawa yake ni ya kazi ya mkono, wala si ya fedha nyingi. Rangi ikwanguliwe mpaka bati ling'ae, kichwa cha waya kibanwe vizuri, bolti ikazwe kwenye bati zito la bodi, kisha pakwe grisi juu ili kutu isirudi. Bolti ya kiti, ambayo hupendwa kwa sababu ipo karibu, si mahali pa kuaminika. Waya wa erthi wa amplifaya uwe mfupi, ikiwezekana usizidi nusu mita, na unene wake usiwe chini ya ule wa waya chanya.

Wapo wanaoshauri erthi ya redio ikatwe ili mlio ukome, na kweli wakati mwingine hukoma. Lakini umeme wa redio hautaacha kurudi kwenye betri. Utapitia kwenye ganda la waya wa antena au kwenye nyaya nyembamba za RCA, ambazo hazikutengenezwa kubeba mzigo huo. Zitapata moto, na redio inaweza kuungua. Fundi anayetibu kwa njia hii anauhamisha ugonjwa tu.

Kwa magari yenye mdundo wa cheche, mambo ni mepesi zaidi. Plagi nyingi za kisasa zina kizuizi cha ndani kinachopunguza kelele, na kwa plagi za NGK herufi R katika namba, kwa mfano BKR6E, huonyesha kwamba kizuizi hicho kipo. Plagi isiyo na kizuizi ikifungwa kwenye gari lililohitaji chenye kizuizi, redio italalamika siku hiyo hiyo. Corolla nyingi za miaka ya 1990 zenye distribyuta zina nyaya ndefu za plagi ambazo nazo hunyamazisha kelele zikiwa nzima. Zikipasuka ganda, umeme huvuja. Fungua boneti usiku penye giza, injini ikiwa inawaka, utaona vimulimuli vya bluu vikicheza juu ya nyaya. Tazama kwa macho, usiguse.

Magari mengi yaliyopo mijini kwetu yalitumika kwanza Japani, na hilo limetuletea chanzo kingine cha kelele ambacho nchi nyingi hazikijui. Redio za Japani kwa miaka mingi zilitengenezwa kupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali vituo vyetu vipo kati ya 87.5 na 108. Ndipo likaja lile kopo dogo linalofungwa nyuma ya redio kwenye waya wa antena, ambalo wengi huliita bendi ekspanda. Kazi yake ni kuyashusha masafa ya vituo vyetu ili redio ya Kijapani iyapate. Kopo hilo linahitaji umeme wa gari na erthi yake. Likifungwa kwa waya uliosokotwa na kuviringishiwa selotepu, huingiza mlio wa altaneta moja kwa moja kwenye njia ya antena. Anayesikia kelele kwenye FM tu, huku muziki wa flashi ukiwa safi, aanze hapo. Antena yenyewe nayo ikaguliwe pale inapofungwa kwenye bati. Kutu ya mahali hapo hukata erthi ya ganda la waya wake.

Chanzo cha miaka ya karibuni ni taa za LED za bei rahisi zinazowekwa badala ya balbu za kawaida. Ndani yake mna saketi inayowasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na zisizo na kinga huijaza FM mchakacho. Ushahidi hupatikana kwa kuzima taa. Redio ikisafika, hakuna haja ya kumtafuta mwingine.

Waliofunga amplifaya na sabufa kubwa, tuwaambie kwanza habari ya moto, kisha kelele. Waya chanya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye buti hubeba umeme wote ambao betri inaweza kuutoa. Ukikwaruzwa na bati mahali popote njiani, na hakuna fyuzi mwanzoni mwake, hakuna kitakachoukata. Utakuwa mwekundu kama waya wa jiko, chini ya zulia, kando ya abiria. Fyuzi iwekwe karibu na betri, umbali usiozidi nusu mita, wala isiwe kule nyuma kwenye amplifaya. Tundu la waya kwenye ukuta wa injini liwekwe mpira. Mtu asiye na hakika kama gari lake lina fyuzi hiyo afungue boneti leo aufuate waya kwa macho.

Kuhusu kelele, kosa la wengi ni kuulaza waya huo wa umeme pamoja na nyaya za RCA katika mfereji mmoja, kwa sababu ni rahisi kupitisha mara moja. Waya wa umeme upite upande mmoja wa gari na RCA upande wa pili, na zikilazimika kukutana zipishane kama njia panda, zisilale sambamba. Kosa jingine ni kupandisha kitufe cha amplifaya kiitwacho gain mpaka mwisho kwa kudhani ndicho cha sauti. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio. Kikipandishwa mno, hukuza mlio uliokuwa hausikiki. Kukishusha na kupandisha sauti ya redio kidogo mara nyingi kunatosha.

Madereva wa malori, ambao Kizota haiwakosi, wana kesi yao. Malori mengi makubwa hutumia volti 24 kutoka kwenye betri mbili, lakini redio nyingi zinazouzwa ni za volti 12. Njia ya mkato ni kuchukua umeme katikati, kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Redio hupiga, na dereva huridhika. Betri moja hubeba mzigo peke yake na kupungua, lakini altaneta huzichaji zote mbili kana kwamba ni sawa, matokeo yake moja hubaki na njaa na nyingine huchajiwa kupita kiasi hadi maji yake kukauka. Baada ya miezi betri zote mbili hutupwa, na bei ya jozi ya betri za lori kila dereva anaijua.

Njia sahihi ni kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12, au redio iliyotengenezwa kwa volti 24. Hivyo vya kupunguza umeme vipo vya aina mbili. Vidogo vyepesi vya bei rahisi vyenyewe hutoa kelele, na dereva aliyekuwa na mlio mmoja hujikuta na miwili. Kabla ya kulipa, kijaribiwe na redio ikiwa katika FM, kwenye kituo chenye ishara hafifu, kwani kituo chenye nguvu huficha mengi.

Kilichobaki ni vichujio. Madukani vipo vya kuweka kwenye waya wa umeme wa redio na vya kuweka kwenye nyaya za RCA. Vinafanya kazi, na havina ubaya pale ambapo chanzo kimetafutwa na kurekebishwa lakini kimebaki kinong'ono. Kichujio cha waya wa umeme lazima kiwe na uwezo wa ampea unaozidi matumizi ya redio, la sivyo kitapata moto. Vya RCA vya bei ndogo hula besi, na mpenzi wa sabufa atalitambua hilo mara moja. Akivifunga kwanza kabla ya kupima chaji na erthi, atakuwa ameizima redio isimwambie kitu huku diodi ikiendelea kuungua.

Fundi naye asaidiwe. Badala ya kumwambia tu kwamba redio inalia, mweleze kama mlio unapanda na mafuta au la, kama unabaki sauti ikiwa sifuri, kama upo kwenye flashi au kwenye FM tu, na kama ulianza wenyewe au baada ya kifaa fulani kufungwa. Majibu hayo manne yatampeleka kwenye altaneta, erthi, antena au nyaya za amplifaya kabla hajafungua dashibodi, na dashibodi za magari haya, kama ijulikanavyo, zikifunguliwa mara moja haziachi kupiga kelele za kwao kwenye barabara za vumbi.